Mwenye Jiko

Mpishi wa zamani wa ile manowari, iliyostaafishwa na kuzamishwa makusudi iwe makazi ya samaki, sasa huwatembeza wapiga mbizi humo ndani. Akipita hufuta kila meza kwa kiganja, na mlangoni huinamisha kichwa ingawa anaelea. Enzi zake, hata nahodha akichungulia sufuria alitimuliwa kwa upawa. Juzi alimkuta chewa mnene amejaa ndani ya oveni yake. Samaki akamtolea macho, akaachama. Mpishi akarudi kinyumenyume, mkono kifuani, akiwasukuma wageni nje.

"Mbona mapema hivi?" akauliza mkewe, mwendesha boti.

"Nimefukuzwa jikoni," akajibu, akicheka mpaka machozi. "Na anajua kufukuza kuliko mimi."