Kuchoma Kupi? Fundi wa Katesh na Moyo Unaokosa Mpigo

Moyo wa Renatus Akonaay haupigi sawasawa, na tiba aliyotajiwa ni kuchomwa. Nani anachoma, anachoma nini na kwa moto gani, hayo ndiyo yaliyomvuruga yeye na ukoo wake tangu mwanzoni mwa mwaka huu.

Saa mbili asubuhi, kibanda cha mabati nyuma ya stendi ya Katesh kinanuka chuma kilichoungua. Renatus, mwenye umri wa miaka 51, amepiga goti mbele ya plau iliyokatika shingo. Mwenye plau amesimama pembeni, mikono nyuma, maana anataka kuvunja ardhi mapema na ng'ombe wake wamekaa bure nyumbani. Cheche zinaruka. Mara Renatus anazima mashine, anavua ngao ya uso na kukaa juu ya tairi kuukuu.

"Imeanza?" anauliza Gervasi, fundi mwenzake wa miaka mingi.

"Imeanza."

"Basi kaa. Plau haina homa, itasubiri."

Renatus anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Mapigo matatu ya haraka, kimya, moja, halafu mengi yasiyoshikika.

"Ni kama kuku umemtia kwenye gunia," anasema. "Anarukaruka, anatulia, unadhani amelala. Kumbe anavuta pumzi aanze upya."

Baada ya muda anasimama na kumalizia kiungo. Kusawazisha kwa grainda, ile mashine ya kusugulia chuma, anamwachia Gervasi, kwa sababu dawa anazomeza haziruhusu mchezo na vitu vinavyokata.

Renatus alizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu. Baba yake alipofariki aliacha shule akiwa darasa la tano. Alipopata nguvu akashuka Basotu kwenye mashamba ya ngano, kazi ya kupaka grisi matrekta. Huko alijifunza kuchomelea kwa kutazama, akaunguza macho, akaunguza mikono, akawa fundi. Ni mwaka wa ishirini na tisa sasa. Siku nzuri anaingiza shilingi elfu arobaini. Siku ya kuumwa haingizi kitu.

Nyumba yake iko Jorodom, upande ambao tope lililoporomoka mlimani mwaka 2023 lilipita bila kuingia mlangoni. Baada ya tope lile, mvua ikigonga bati usiku, mtaa mzima ulikuwa unakaa kitandani macho wazi. Kila mtu alisema moyo unamwenda mbio.

"Na mimi nikasema wangu ni wa tope," anasema Renatus. "Nilidhani utapona wa watu wote ukipona."

Mioyo ya watu wengine ilitulia. Wake haukutulia, lakini alikuwa ameshazoea kuuita hofu, na hofu haipelekwi hospitali.

Juni mwaka jana alikuwa anachomelea geti la mteja, mkono wa kulia ukaachia kila kitu. Anasema mkono ulikuwa wake lakini haukumsikia. Mdomo ukaenda upande. Alipojaribu kusema, mteja akacheka.

"Fundi, leo umeamkia kwenye pombe?"

Gervasi ndiye aliyeona kuwa si pombe. Alimpakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake na kumkumbatia kama gunia la mahindi. Walipofika hospitali mkono ulikuwa umeanza kurudi, na Renatus alikuwa anataka kurudi kazini. Wakamlaza kwa nguvu, kisha wakamwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa.

Huko alikutana na Dk. Kissa, binti wa Tukuyu aliyehamishiwa Manyara miaka minne iliyopita. Mashine ilichora mistari kwenye karatasi, na juu ya faili zikaandikwa herufi mbili, AF.

"Hii ni namba ya trekta au ya ugonjwa?" aliuliza Gervasi.

Dk. Kissa alieleza taratibu. Chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kupiga. Kwa kuwa hakisukumi vizuri, damu inatuama na kuganda. Kipande kimoja kilipanda kichwani, kikayeyuka chenyewe. Kingine kinaweza kisiyeyuke.

Katika maelezo yote Renatus alishika hilo tu: safari ijayo mkono unaweza usirudi. Hajui kazi nyingine. Fundi asiye na mkono wa kulia, anasema, ni mtu wa kuanikwa juani na kuingizwa ndani jioni.

Alipewa dawa ya kupunguza kasi ya moyo na dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na maelekezo mengi kwa siku moja. Mojawapo lilihusu mboga za majani: ale kiasi kilekile kila siku, asizidishe. Mke wake, Verdiana, alisikia asiguse kabisa.

"Nilimnyima mboga mume wangu kama adui," anasema Verdiana. "Jirani akileta mgagani naficha. Yeye anakula ugali na maziwa, ananitazama."

Wiki chache baadaye fizi zilianza kutoa damu. Kipimo kikaonyesha damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Dk. Kissa alipouliza anakula nini, Verdiana alijibu kwa fahari kwamba hajagusa jani. Daktari akafunika uso kwa mikono: majani hupunguza nguvu ya dawa ile, na bila majani ilikuwa imemzidi.

Huko ndiko kuchanganyikiwa kwa kwanza. Kwa pili kulikuja Februari.

Dawa zilipunguza kasi, lakini kuku hakutoka kwenye gunia. Dk. Kissa akamwambia, "Baba, kuna njia nyingine. Wapo wataalamu Dar es Salaam, wanachoma."

Renatus na Verdiana waliitikia na kuondoka wamefurahi. Hospitalini kuchoma ni kuchoma sindano, nani asiyejua? Verdiana akapeleka habari kwenye jumuiya yao ya kanisa, na mwenyekiti wao, Konsolata, akatangaza kwamba ndugu yetu anaenda kuchomwa sindano ya moyo. Watu wakasali, wakachanga mahindi na kuku wa nauli.

Ni Gervasi aliyeharibu furaha. "Sindano gani hiyo isiyofika Katesh? Hata ng'ombe wanachomwa hapa."

Renatus akampigia simu daktari, akauliza sindano yenyewe inachomwa mkononi au kifuani.

"Baba, siyo sindano," alisema Dk. Kissa. "Ni waya mwembamba. Unaingizwa kwenye mshipa wa pajani, unapanda mpaka ndani ya moyo. Ncha yake inapata joto, wanaunguza sehemu ndogondogo."

Renatus alishukuru, akakata simu. Gervasi anasema aliitazama mashine ya kuchomelea kwa muda mrefu kama mtu aliyegundua ina undugu naye.

Kwa fundi, jambo lenyewe halikuingia akilini. "Miaka yote nachoma ili viungane," anasema. "Nikichomelea bawaba, mlango haufunguki tena mpaka uvunjwe. Sasa moyo nao si unafunguka na kufunga? Wakiuchoma, utapigaje?"

Kabla hajapata jibu, mteja kutoka Babati alimwongezea lingine. Shemeji yake alichomwa moyo akawekewa betri kifuani, na kuanzia siku hiyo alikatazwa hata kusogelea mashine ya kuchomelea, kwa kuwa umeme wake unaweza kuivuruga betri. Renatus akaweka hesabu yake pamoja: asipochomwa, kiharusi kinachukua mkono, akichomwa, betri inachukua kazi. Njia zote mbili zilimfikisha palepale.

Hata hivyo alipanda Tlawi kwa mama yake, Marieta, kuomba ng'ombe wa kuuza ikibidi. Mama ana miaka 78. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fungua shati."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Fungua."

Akaweka kidole kwenye makovu matatu ya duara, chini ya titi la kushoto. "Haya ni ya nini?"

"Ya kichomi. Ulinichoma kwa chuma nikiwa mdogo."

"Ulipona kwa haya?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Hukupona. Ulilia mpaka sauti ikakauka, nikakubeba mgongoni kwa masista. Wao wakakuchoma sindano, ukapona. Moto umeshajaribiwa kwenye mwili huu, haukufaa. Leo unataka kuuingiza ndani kabisa, na ng'ombe wa baba yako juu yake?"

Verdiana, aliyekuwa ameketi pembeni, anasema alitafuta kosa katika maneno hayo. Mama alikuwa hajakosea hata mahali pamoja katika aliyoyasimulia.

Aprili walirudi wote wawili kwa Dk. Kissa wakiwa na maswali kama watu wa baraza la ardhi. Daktari alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akachora moyo upande wake wa nyuma. Moyo unapigishwa na umeme wake wenyewe, alisema. Wa Renatus una cheche zinazotokea mahali pasipostahili na kuvuruga chumba cha juu. Wanachoma kuzunguka mahali hapo, panabaki kovu, na kovu halipitishi umeme.

"Kama kutu," alisema Renatus.

"Kivipi?"

"Chuma chenye kutu hakishiki umeme vizuri. Sharti nikwangue kwanza. Kwa hiyo mnaniwekea kutu."

"Tuseme hivyo."

"Miaka yote naondoa kutu. Leo niuze ng'ombe niwekewe."

Daktari alicheka, naye Renatus akacheka, kisha akauliza kuhusu betri. Hiyo ni aina nyingine, alijibiwa. Wapo wagonjwa ambao njia nzima ya umeme inakatwa, ndipo betri ifanye kazi ya kupigisha moyo. Picha ya moyo wake ilionyesha valvu, milango ya ndani ya moyo, ni nzima, na kwake hawazungumzii betri.

Hapo angeweza kwenda nyumbani ameelewa. Lakini aliuliza zaidi.

"Nikichomwa naacha dawa ya damu?"

"Siwezi kuahidi. Huenda ukaendelea nayo."

"Na moyo hautarudia?"

"Wengi wanapata nafuu. Wengine unarudia, wanachomwa mara ya pili."

"Hatari?"

"Ipo. Si kubwa, lakini ipo. Kuvuja damu, moyo kutoboka, hata kiharusi."

"Kilekile ninachokikimbia?"

"Kilekile."

"Sasa nachomwa kwa nini?"

"Ili upumue, baba. Ili ufanye kazi bila kukaa chini. Ukibaki na dawa pia unaweza kuishi, wapo wengi. Uamuzi ni wako."

Renatus anatikisa kichwa akilikumbuka hilo. "Aliyesoma akikuambia uamuzi ni wako, ujue na yeye kazi imemwia ngumu."

Kwa miezi miwili hakuamua. Asubuhi alikuwa mtu wa kuchomwa, jioni mtu wa dawa. Gervasi alimwambia achague moja, hata kwa kurusha shilingi, kwa sababu amechoka kuombwa ushauri na mtu ambaye hausikilizi.

Kilichomwamua ni tela. Mwishoni mwa Juni alikuwa anachomelea shingo ya tela la mkulima wa ngano. Katikati ya kazi moyo ulianza, akakaa chini. Aliporudi chuma kilikuwa kimepoa. Alipaswa kukwangua na kuanza upya, lakini alikuwa amechoka, akaunganishia palepale. Siku tatu baadaye, kwenye mteremko wa barabara ya Basotu, kiungo kiliachia na tela likaingia mtaroni na magunia yake. Hakuna aliyeumia. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Gervasi aliileta ile shingo karakana, akaiweka juu ya meza. Siku hiyo hakutania.

"Kiungo changu hakijawahi kuachia," anasema Renatus. "Nimechomelea magari ya shule, nimechomelea ngazi za kanisa. Nikaona sasa moyo umeshaingia mkononi. Hauningojei niwe na kiharusi. Umeshaanza kunichukulia ufundi, kidogo kidogo."

Wiki iliyofuata alimwambia Dk. Kissa amwombee nafasi. Amepewa Septemba.

Ukimuuliza kama ameelewa, anasema hapana. Anajua waya utaingia pajani na kovu litabaki. Zaidi ya hapo, kila anapoeleza anajikuta ameeleza tofauti. Jumuiya bado wanaiita sindano, naye ameacha kuwasahihisha. Anachotaka ni kimoja: kuanza kiungo na kukimaliza kwa pumzi moja, bila kutafuta tairi la kukalia. "Nikikipata hicho, hata nikimeza dawa mpaka kufa, sitalalamika."

Hana bima. Ng'ombe ni wake kwa urithi, hivyo mama hakuweza kumzuia, wala hakujaribu. Jumapili iliyopita alipanda Tlawi kuwachukua. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Renatus akainama, akasema shikamoo. Akangoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, isije ikawa ni masikio. Mama akatupa jiwe dogo nje ya ungo, akaendelea kuchambua. Verdiana alishuhudia.

Mpaka sasa vimekwenda hivi: maksai wawili wa kulimia, ng'ombe mmoja wa maziwa, ekari mbili za Tlawi zilizokodishwa kwa misimu mitatu, mashine kubwa ya kuchomelea iliyonunuliwa na fundi wa Singida, na marahaba ya mama.