Tiara, upepo mdogo na mama mkwe: hadi leo sijaelewa

Wakuu, heshima zenu mbele.

Ninachoandika hapa hakina chumvi hata punje. Natamani ningekuwa nimekitunga, maana ningejua kinaishaje. Wazoefu wa kusoma heading tu na kukimbilia kucomment, leo naomba mvumilie mpaka chini.

Nipo Toronto, naishi Thorncliffe Park, kazi yangu ya ofisini iko Don Mills. Mimi mtu wa Tanga. Mke wangu Bhoke kwao ni Tarime.

Mwaka huu tumepata mtoto wa kwanza, na mama mkwe akaja kumsaidia mwanawe kulea. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwetu Tanga mama mkwe ni mama. Unamwamkia, unakaa naye sebuleni mnaangalia taarifa ya habari, maisha yanaenda. Kwao Bhoke hakuna kitu kama hicho. Mkwe haguswi, hapewi mkono, hatazamwi usoni, na kuongea naye ana kwa ana si jambo la kawaida.

Sasa hiyo heshima yote ilitungwa kwa watu wenye uwanja na nyumba tatu. Sisi tuna vyumba viwili na korido moja ambayo ukikohoa mwanzo, wa mwisho anasema pole.

Nikitoka kazini nikifungua mlango, nasikia mlango wa chumba cha wageni unafungwa. Mama kajifungia, ugali wake umebaki mezani unapoa. Nikitaka chai, nasikia kwa ndani, "Bhoke, mwambie mwenzio chai iko kwenye chupa." Nami nimesimama hapo hapo, nimesikia kila neno, nasubiri Bhoke aniambie.

Roho iliniuma. Mama kavuka bahari kuja kutusaidia, halafu anaishi kama mtu anayewakimbia polisi. Nikaamua jioni na wikiendi niwe natoka nyumbani, apike, aoge na ambebe mjukuu wake kwa uhuru.

Lakini ukitoka unakwenda wapi? Baa situmii. Mall nimeshaimaliza. Kuna mzungu wa ofisini alikuwa anauza power kite yake, nikaichukua. Ni tiara, lakini siyo ile ya gazeti na njiti tuliyochezea utotoni. Hii ni kitambaa kipana kuliko shuka la sita kwa sita, na kamba ndefu zinazoishia kwenye mipini miwili unayoshika mikononi. Upepo ukiwa mzuri inamburuza mtu mzima.

Tatizo, upepo mzuri una saa zake na mimi nilikuwa na saa za mama mkwe. Jioni upepo wa ziwani unalala. Kwa hiyo nilijifunza kurusha tiara kwenye upepo usiokuwepo, na hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza rasmi.

Kila kitu ni kinyume, wakuu. Tiara ikianza kudondoka akili inakwambia vuta. Ukivuta, kamba za chini, ambazo ndizo breki, zinakaza na inakufa kabisa. Unatakiwa ulegeze mikono, halafu wewe mwenyewe urudi kinyumenyume taratibu ili ipate hewa. Ikishika, unatembea kuifuata mbele, unajitunzia nafasi ya kurudi tena nyuma.

Usiisimamishe juu ya kichwa ukafurahia, itakuangukia usoni. Iweke kwenye mwendo muda wote, ichore namba nane iliyolala, kushoto kulia, mizunguko mipana bila kukata kona kwa hasira. Ukiwa na pupa huiwezi.

Wiki za mwanzo nilikuwa kituko kwenye uwanja wa mtaani. Watu na mbwa wao wanapita wananiangalia nikirudi nyuma peke yangu kama nimefukuzwa na kitu. Lakini mikono ikajifunza. Ikafika mahali tiara haidondoki hata upepo ukiwa wa kupepea chai. Nilijiona fundi. Shikeni hilo la ufundi, ndilo lililotaka kuniua.

Jumamosi moja Bhoke akasema mama hajatoka nje tangu aje, twende naye wote. Nikaendesha, mama nyuma na mjukuu, anaangalia dirishani upande usio wangu. Tukafika kwenye uwanja wa nyasi kando ya ziwa. Bhoke akamwekea mama kiti mbali kidogo, mama akakigeuza akanipa mgongo, kisha Bhoke akarudi kwenye gari kumnyonyesha mtoto.

Nikarusha. Upepo mdogo, saizi yangu. Nakiri nilikuwa najionyesha kidogo, ingawa mtazamaji wangu kanigeuzia mgongo.

Ghafla upepo ukaja. Sijui ulitoka wapi, mchana wa hapa ziwa huwa linafanya hivyo. Tiara ikajaa ikapiga mlio kama turubai la lori. Nikavutwa hatua mbili, nikaanguka kifudifudi, nikaanza kuburuzwa kwenye nyasi kuelekea kwenye mawe makubwa ya ukingoni, na nyuma ya mawe ni maji.

Dawa yake ni rahisi, mtoto anaijua: achia mipini. Ukiachia, kamba fupi za usalama unazofunga mikononi zinaivunja tiara nguvu, inaanguka yenyewe.

Sikuachia. Mpaka leo najiuliza. Nadhani zile wiki zote za kuibembeleza isianguke, mikono ilikuwa imeshasahau kwamba kuanguka kunaruhusiwa.

Mara nikahisi nimeshikwa mkanda wa suruali kwa nyuma. Mikono miwili, imara. Mtu kakaa chini kabisa, miguu kaikita kwenye nyasi, ananivuta kama mtu anayezuia dume lisitoke zizini. Na sauti ambayo sijawahi kuisikia bila mlango katikati:

"Achia! Achia hicho kitambaa! Unataka mwanangu awe mjane?"

Nikaachia.

Tiara ikaanguka majini huko. Mimi nikabaki nimelala nahema, viwiko vinavuja damu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshasimama, kajifunika uso kwa khanga, anatembea kuelekea kwenye gari. Nilidhani analia kwa hofu. Kumbe ni aibu.

Jioni ile hakula. Asubuhi hakula. Bhoke akanijia jikoni macho mekundu. "Mama anapanga begi. Anasema amemshika mkwe wake, hawezi kulala tena nyumba moja na wewe."

"Si ameniokoa?"

"Ndiyo. Na amekushika."

Wakuu, nilichanganyikiwa vibaya. Mtoto bado mchanga, Bhoke kidonda cha operesheni ya uzazi hakijapona vizuri, na mimi kazini hawanipi likizo nyingine. Mama akiondoka, tumekwisha.

Nikampigia mama yangu Tanga. Akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. "Mwanangu, kamnunulie doti ya khanga umshukuru, mambo gani hayo?" Nikamwambia Bhoke. Akaniangalia kama nimetukana.

Ikabidi nimpigie baba mkwe mwenyewe. Akaanza kunihoji.

"Alikushika wapi?"

"Mkanda, baba."

"Mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

"Kuna watu waliona?"

"Wapita njia tu, baba. Na mbwa."

Akakohoa. Nahisi alikuwa anazuia kicheko, sina ushahidi. Akasema linatengenezeka. Mbuzi achinjwe nyumbani mbele ya wazee, na mtoaji ni mimi.

Nikauliza kwa adabu zote, "Baba, mimi ndiye niliyeshikwa. Mbuzi natoa mimi?"

"Kwani aliyekuwa anaburuzwa na hicho kitambaa ni nani?"

Nikauliza bei ya mbuzi. Wewe ungejibuje?

Rafiki yangu wa Musoma akampeleka mbuzi Tarime. Wazee wakamchinja, mama akaangalia kwenye video call mlango ukiwa umefungwa. Baadaye nikasikia zipu ya begi inafunguliwa, na Bhoke akapita na sahani ya ugali kumpelekea. Nilikaa chini pale koridoni.

Nikadhani sasa tumekuwa watu, hata salamu tutapeana. Wapi! Kesho yake nimerudi kutoka kazini, mlango ukafungwa kama kawaida. "Bhoke, mwambie mwenzio maharage yapo."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwomba Bhoke amuulize mama: kama jambo lenyewe ni zito hivi, la kufunga mabegi, la kuchinja mbuzi, kwa nini alinishika?

Bhoke akauliza pale mlangoni. Kisha kwa ndani, taratibu, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia:

"Mwambie mwenzio, heshima ikivunjika ina mbuzi wake. Mkwe akifa maji hana mbuzi."

Bhoke akanigeukia anipe ujumbe, akakuta nalia.

Nilichojifunza, wakuu. Kwa wenye tiara: ufundi wa upepo mdogo ni mtamu, lakini kila ukirusha fanya zoezi la kuachia pia, mikono isije ikasahau. Na usirushe ile kubwa kando ya maji ukiwa peke yako.

Hayo mengine bado sijayaelewa. Yule mama alijua kabisa anavunja nini, na akakimbia kuja kukivunja. Mwezi ujao anarudi nyumbani. Nataka kumwambia asante mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sina ruhusa ya kumsemesha.

Watu wa Tarime mliomo humu, nawaomba bila utani: kwenu mkwe anashukuriwaje?