Ribiti za Lori Kwenye Sufuria la Mama Mkwe

Ninyi vijana mnaonunua kitu kwa kuangalia rangi, someni haya mkiwa mmeshiba, maana kuna nyama itamwagika humu.

Siku moja nakumbuka, miaka ile ya ruksa, bidhaa za kila namna zilipoanza kujaa mnadani Dutwa, mkono wa sufuria kubwa la mama mkwe ulilegea. Wakwe walikuwa njiani kuleta ng'ombe wa mahari ya wifi yangu, na sufuria la wageni ndilo hilo hilo moja. Mume wangu, Masanja, akasema, "Fundi wa nini? Nanunua koleo la ribiti, naunga mwenyewe." Koleo hilo, mwanangu, unatia ribiti kwenye tundu, unabana, linavuta kimsumari chake mpaka kinakatika, na vipande viwili vinashikana.

Mnadani muuzaji akamwuliza, "Unaunga nini, mzee?" Pembeni wamesimama wanaume waliokuja kuuza ng'ombe. Masanja akaona haya kutaja sufuria mbele yao. Akajibu, "Bodi la lori."

Lori! Mtu hana hata baiskeli.

Akapewa koleo jekundu lenye mikono mirefu kama pembe za dume, na ribiti nene za chuma. Dogo la kuungia aluminiamu lilikuwa pale pale, akaligeuzia kisogo. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nasema asiyechagua atalimia kucha.

Nyumbani ribiti ikakataa kuingia. Akapanua matundu kwa msumari mpaka sufuria likafanana na chujio. Akabana, tak! Ribiti ikawa inacheza kama jino la mtoto.

"Imeshika hiyo?" nikamwuliza.

"Wewe mwanamke, hii inashika lori!"

Siku ya wakwe akainua sufuria la mbuzi mwenyewe, aonekane. Mkono ukabaki mkononi, mbuzi akaenda majivuni.

Mzee wa upande wa bwana harusi akauliza taratibu, "Mkwe, kama sufuria mmeunga hivi, binti mtatuungia vipi?" Hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa ng'ombe wake, bado wamesimama nje ya zizi letu. Wifi yangu akaanza kulia.

Mama mkwe hakumficha mwanawe. "Masanja! Ulimwambia muuzaji unaunga nini?"

"Lori, mayu, mama yangu."

"Liko wapi?"

"Hakuna, mayu."

Hapo mzee akacheka mpaka akafuta machozi. "Nyumba inayotoa aibu yake mbele ya wageni haitatuficha jambo. Ingizeni ng'ombe." Wakala michembe ya viazi na maziwa mgando, harusi ikawa.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga, ila ukiulizwa jibu kweli: sema sufuria. Chagua koleo linaloenea kiganjani mwako, mdomo wake ulingane na ribiti. Aluminiamu iunge kwa ribiti ya aluminiamu, urefu wake uzidi kidogo tu unene wa vipande unavyounga. Tundu liibane, na vipande vigusane kabla hujabana koleo. Mungu akupe mikono yenye akili na ulimi usioona haya ya jikoni.

Na hapa kwangu nimeshaamuru, wakubwa kwa wadogo: aliyepiga ribiti ndiye wa kwanza kuinua sufuria, limejaa maji ya baridi, naye yuko peku.