Keekee Iliyopulizwa kwa Mivukuto

Kwenye karakana yangu hapa Mbeya, ukimaliza kutoboa ukuta hunirudishii keekee ya umeme ikiwa na vumbi. Unachukua brashi kavu, unafuta yale matundu inayopumulia, halafu unapuliza kwa pampu ya baiskeli. Pampu ya baiskeli, si kitu kingine. Wenye vyeti hucheka, mashine zao zinaungua, wanazileta kwangu. Mimi darasa la pili sikulimaliza, na sijampigia mtu magoti ila mara moja, Iringa, miaka ile ya hamsini.

Tulikuwa tunajenga ghala la mfanyabiashara. Keekee ya umeme ilikuwa moja tu, na mkono uliopewa kuishika ni huu wangu, mimi niliyekuwa nabeba magunia Mbalizi. Wenzangu waligonga tindo na nyundo kutwa, mimi nilibonyeza. Mke wangu, binti wa Kihesa, akawa anapita sokoni shingo juu.

Msimamizi wetu, mtu wa asili ya pwani, alikuwa na sharti moja. "Mashine ikifia mkononi mwako, bwana mdogo, magunia bado yanakungoja."

Kila jioni niliipangusa kwa unyoya wa jogoo. Lakini zile tofali za kuchoma zilitoa vumbi jekundu kama unga, likaingia ndani kabisa. Ijumaa keekee ikaanza kukohoa, na joto lake halishikiki. Jumamosi mchana nikaifungua nyumbani, juu ya mkeka. Unyoya haukufika. Kupuliza kwa mdomo nikapuliza mpaka kizunguzungu. Jumatatu ilikuwa inakuja, na mimi sina njia.

Ndipo nikamkumbuka baba mkwe, mhunzi. Nikaibeba mpaka kiwandani kwake.

"Kamwene, baba," nikamsalimu Kihehe. "Naomba upepo."

"Kamwene. Wengine huja kuomba jembe," akasema. "Wewe umeoa kwangu, sasa unataka na pumzi yangu?"

Akaondoa mivukuto motoni, akaielekeza kwenye keekee, akakanyaga. Vumbi jekundu likatoka kama moshi. Moyo ukatulia, nikajiona nina akili kuliko waliotengeneza ile mashine. Sikuiangalia ile mivukuto. Ngozi zake zilikuwa zimekula vumbi la makaa miaka na miaka, na makaa yanapitisha umeme. Nilitoa wekundu, nikaingiza weusi.

Jumatatu, jenereta ilipowashwa, nikabonyeza. Cheche zikaruka, ikanuka nywele zilizoungua. Msimamizi akapitisha kidole kwenye matundu, akakitazama, akanionyesha.

"Umeilisha makaa. Ulitaka ikupikie chai?"

Watu wakacheka. Nami nikapiga magoti palepale kwenye tofali zilizovunjika. "Mzee wangu, nipe mpaka saa sita. Nakuomba. Mbalizi sirudi."

Akaniachia keekee, akaondoka. Nikatuma mtu amwite mke wangu. Tukaifungua tena, yeye akichana khanga yake vipande, mimi nikivichovya kwenye petroli na kufuta nyaya za shaba, uzi kwa uzi. Kila kitambaa kilitoka cheusi. Nikaangusha skrubu moja ndogo kwenye mchanga, tukaitafuta kwa vidole kama vipofu. Mke wangu alikuwa anasali kimyakimya, nami nilitaka kumwambia aache, asali baadaye, afute kwanza.

"Hiki nacho cheusi," akasema.

"Futa."

"Nguo imekwisha, baba."

Nikavua shati.

Tukaianika juani mpaka harufu ya petroli ikaisha. Saa sita msimamizi akarudi, nikabonyeza, keekee ikazunguka. Kweli ikazunguka, nikamtazama msimamizi usoni kama mtu aliyeshinda vita. Nikaiweka ukutani. Ikaingia nusu ya tundu, ikalia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Nilibonyeza, nikabonyeza. Ilikuwa ya moto na nzito, kama jiwe lililotolewa jikoni.

Msimamizi akaichukua mikononi mwangu taratibu, akaizungushia waya wake, akampa mtu akaiweke stoo.

Sikungoja aseme neno. Nikanyakua tindo na nyundo ya aliyekuwa karibu, nikaanza kugonga palepale keekee ilipoishia.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Tundu halijaisha, mzee."

Nikalimaliza, nikaenda kwenye alama iliyofuata. Bila shati, vumbi jekundu likashikamana na jasho, malengelenge yakapasuka. Mke wangu alisimama mlangoni na vitambaa vyeusi mkononi. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Hakusema baki, hakusema nenda. Niliogopa kugeuka. Nikagonga.