Jumbe Ampeleka Nusaiba kwa Mwalimu

Jumbe wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, yule Mtanga muuza viungo, alikuwa na imani moja kuhusu elimu: mtoto hachagui mwalimu. Ana nini cha kuchagua? Kwao Tanga, baba yake alimshika mkono akampeleka chuoni kusoma Kurani, akampa mwalimu ubani na halua, akamwambia, "Nyama yako, mifupa yangu." Yaani mchape utakavyo, mradi umrudishe mtu. Jumbe alichapwa hasa, akahitimu, na mpaka leo akimtaja yule mwalimu anashusha sauti.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, siku binti yake Nusaiba, aliyepata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu, alipokuja kukaa naye kibandani sokoni akamweleza kwamba somo la kwanza la sheria lina walimu watatu, na kila mwanafunzi anaingia kwenye simu anamchagua amtakaye. Mwisho Ijumaa jioni.

"Anayechagua nani?" Jumbe akauliza.

"Mimi, baba."

"Wewe ndiye unayemchagua mwalimu wako."

"Ndiyo. Na mwisho wa mwaka tunawapa alama."

Jumbe aliweka chini kopo la iliki. "Mnawapa alama walimu," alisema polepole, kama mtu anayesomewa mashtaka. Kwenye kibanda cha pili Pacifique, fundi cherehani Mkongomani, alicheka mpaka ikabidi asimamishe mashine.

"Papa Jumbe, huku ni vile," akasema. "Mutoto anachagua. Mutoto wa dada yangu alisoma kule, alichukua ule mwalimu muzee, wa upole, akapita muzuri kabisa. Huyu naye achukue ule."

Hilo Jumbe akalipenda. Mwalimu mzee, tena mpole, kidogo linafanana na elimu. "Basi utamchagua huyo mzee," akaamuru, maana yake amekwisha kuchagua yeye, na roho yake ikatulia. Akarudi kwenye iliki zake.

Nusaiba alichezea kamba ya gunia la mchele, akaiacha, kisha akasema, "Mimi nataka mwingine, baba," akamnyooshea simu. Jumbe akavaa miwani. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi. Profesa Carmel.

Jumbe akamtambua mara moja. Asimjue vipi? Nusaiba alipokuwa shule ya msingi, Jumbe alikuwa na duka, si kibanda, duka kamili pale barabara kuu, lenye kioo mbele na jina lake limeandikwa juu ya mlango. Mwenye jengo, mzee mmoja wa mtaa wa Observatory, alimwambia kwa mdomo: kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe. Wakapeana mikono, yakaisha. Mzee akafa, watoto wake wakalitaka jengo, na maneno yakafika mahakamani. Wakili wa watoto alikuwa mwanamke huyu, kavaa joho jeusi, anasema kwa sauti ya chini utadhani anakuuliza habari za nyumbani. Alimuuliza Jumbe maswali matatu tu. Ulimheshimu yule mzee? Ndiyo. Jengo lilikuwa lake? Ndiyo. Angekwambia uhame, ungehama? Jumbe, mtu mkweli, akajibu, "Ningehama. Nyumba si yake?" Wakili akasema asante, akakaa. Duka likaishia hapo.

Tangu siku ile jina hilo halitajwi nyumbani kwake. Mkewe Kidawa akilazimika husema "yule," basi, naye Jumbe huondoka sebuleni.

"Unamjua huyu?" akamuuliza binti yake.

"Namjua."

"Unamjua, na bado unamtaka."

"Ndiyo, baba."

Jumbe akamrudishia simu, akavua miwani. Pacifique, ambaye amemzoea kwa makelele yake ya kutwa, alisimamisha mashine tena, safari hii bila kucheka. Sauti ya Jumbe ilikuwa ndogo. "Ukiingia kwa huyo mwanamke, radhi yangu huna."

Uzito wa neno hilo kamuulize mtu wa pwani. Upate shahada, upate gari, upate dunia nzima, bila radhi ya mzazi ni kazi bure. Nusaiba kazaliwa hapa hapa Johannesburg, Kiswahili chake kinachechemea na akikasirika anagomba kwa Kizulu, lakini hilo kalelewa nalo. Machozi yakamlengalenga.

"Bila radhi yako siendi," akasema. "Ukisema hapana, namchukua mzee. Ila nisikilize kwanza. Siku ile nilikaa nyuma yako, na mama. Wewe ulisema kweli. Na yeye hakusema uongo hata mmoja. Lakini tulitoka pale hatuna duka, na mimi mpaka leo sielewi. Wale wengine watanifundisha sheria. Huyu nataka anionyeshe alivyofanya vile."

Lo! Jumbe alipigwa na butwaa, na mteja aliyekuja kutaka bizari akaondoka bila kuhudumiwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu, msikitini, sokoni, hata msibani, kwamba yule mama alidanganya ndiyo maana akashinda. Sasa alirudi kichwani mwake kuutafuta huo uongo. Akatafuta kwenye swali la kwanza, la pili, la tatu. Hakuuona. Maneno yote yaliyomtoa dukani yalikuwa yake mwenyewe, yametoka kwenye kinywa chake.

Mpaka Ijumaa hakusema na binti yake zaidi ya kuitikia salamu. Kidawa alijaribu kumbembeleza, akaambiwa chai ina sukari nyingi. Nusaiba akaanza kumzoea yule mzee mpole moyoni, kwa lazima. Halafu Ijumaa baada ya sala, Jumbe akaingia nyumbani na kanzu yake nyeupe, mkononi kopo la halua limefungwa vizuri.

"Vaa, twende."

"Wapi, baba?"

"Kwa mwalimu wako. Mtoto hajipeleki mwenyewe."

"Baba, huku hawapeleki halua."

"Huku mnawapa walimu alama. Usinifundishe adabu. Tangulia."

Njia nzima Jumbe alikuwa akiipanga hotuba yake, ile aliyoitunza tangu mahakamani. Mlango wa ofisi ulipofunguliwa, akashtuka upya. Kumbe mfupi! Kichwani mwake yule mwanamke alikuwa mrefu, kagusa dari na joho lake. Huyu alikuwa mama wa umbo dogo mwenye mafua, kajifunga skafu, chai imempoa mezani. Aliinuka, akaipokea halua kwa mikono miwili, akashukuru.

"Mwambie," Jumbe akamwagiza binti yake kwa Kiswahili, "nimemletea mwanangu. Nyama yake, mifupa yangu."

Nusaiba alitamani ardhi ipasuke, lakini akatafsiri. Profesa hakucheka. Alimtazama msichana, akamtazama baba kwa muda, kisha akauliza kitu kwa ile sauti yake ya chini. Nusaiba akababaika.

"Anasemaje?"

"Anauliza, sura yako kama si ngeni, mmewahi kuonana?"

Profesa hakumkumbuka. Jumbe alimpiga marufuku nyumbani kwake, alimlaani kwenye kila sala, na kumbe mwenzake alikwenda zake siku ile, akapika, akalala, akamsahau. Hotuba yote ikamtoka kichwani. Hasira ilikuwepo bado, lakini hakuwa na mtu wa kumpa. Akamtazama Nusaiba, aliyesimama kashika simu kwa mikono miwili, anasubiri. Akiitaja kesi ile, mtoto ataonewa huruma, au ataogopwa, na vyote viwili hakuvitaka.

Mara ile wakili huyu alipomuuliza, Jumbe alisema kweli, ikamfukuza dukani.

"Mwambie hapana," akasema. "Hatujaonana."

Nusaiba akatafsiri.

"Sasa chagua, mwanangu. Radhi unayo."

Msichana akabonyeza jina pale pale, mbele yao wote wawili. Jumbe akamwinamia Profesa Carmel kwa heshima, akashika kitasa cha mlango, halafu akageuka. "Na hili usimtafsirie," akamwambia binti yake. "Mimi kanisahau. Wewe mfanye asikusahau."