Makala Niliyotumwa Kumsomea

Mchapishaji wa gazeti niliyemfanyia kazi alikuwa na sharti moja. Gazeti lake halikumsema mtu mpaka mtu huyo awe amesomewa kwanza makala yenyewe, uso kwa uso, neno kwa neno. Kupiga simu hakukutosha. Mzee alikuwa akivaa kanzu na koti, akitia karatasi mfukoni na kwenda mwenyewe kubisha hodi.

Waliomjua zamani husema hodi ile ilitosha. Yuko mwalimu aliyerudishwa kazini, iko barabara iliyotiwa kifusi, yuko mgombea aliyejitoa akasingizia maradhi ya sukari, na yote hayo hayakuchapwa hata mstari mmoja. Mzee alisoma, akasikilizwa, akarudi nyumbani na kuichana makala. Ukikaribia uchaguzi, watu wa pande zote mbili walikuja kumwamkia, hawa kwa mlango wa mbele na wale kwa mlango wa uani, ili wasikutane.

Mimi nilimkuta miguu imeshavimba. Gazeti lilikuwa na kurasa nne. Mkewe alikwishafariki, watoto wako Maskati, na yeye alikuwa akilala juu, ofisi iko chini, katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye baraza pana la mawe nje. Kwa mwaka mzima sikumwona mtu kukaa kwenye baraza lile. Nilidhani watu siku hizi wana mambo mengi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemaliza chuo na kupanga chumba Michenzani, na zilikuwepo wiki ambazo mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa yeye.

Makala yenyewe ilihusu kiwanja cha skuli huko Kidichi. Mkuu wa ofisi moja alikuwa anataka kukitoa kwa mjenzi wa nyumba za wageni, na saini ingetiwa Jumamosi. Gazeti letu huchapwa Alhamisi jioni na kuuzwa Ijumaa watu wanapotoka msikitini.

"Likitoka Ijumaa, Jumamosi hatothubutu," alisema Mzee. "Lakini lazima asomewe. Utakwenda wewe."

"Mimi, Mzee?"

"Kwani shahada yako ya nini? Kufungia maandazi?"

Asubuhi ile ya Alhamisi niliisoma mbele ya kioo mara saba. Niliwaza nisome nimesimama au nimekaa. Niliwaza akiniletea maji ninywe kabla au baada, na kama kunywa maji ya mtu halafu ukamsema ni utovu wa adabu. Nikawaza kila kitu ila kimoja: kuwasha redio. Kila asubuhi Unguja nzima husikiliza matangazo ya vifo kabla ya kutoka nyumbani. Mimi redio sina, na sikuwahi kuona kwa nini niwe nayo.

Nilipofika nyumbani kwa mkuu yule, nje palikuwa pametandikwa majamvi, wanaume wamekaa kimya. Mama yake alifariki alfajiri.

Ningegeuka. Lakini bibi mmoja wa nyumba ile alikuwa ameshaniona mlangoni, akanishika mkono. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Unao udhu?"

Nilikuwa nao, kisha nikaanza kutia shaka kama bado ninao, nikaenda kutawadha tena. Niliporudi nilipewa juzuu ya Kurani kama wanawake wengine, nikakaa pembeni. Karibu yangu wawili walinong'onezana.

"Huyu wa nani?"

"Simjui. Wa upande wa baba, labda."

"Mbona anasoma kama anakimbizwa?"

Nilipunguza mwendo. Makala ilikuwa ndani ya mkoba chini ya goti langu, na kila nilipofungua ukurasa niliihisi. Nilikuwa nimekuja kumsomea mtu jambo, na sasa nnamsomea mama yake.

Baada ya adhuhuri maiti ilitolewa, wanaume wakaenda kuzika. Waliporudi nikaaga. Yule mkuu alinikuta ukumbini nnatafuta viatu vyangu. Kanzu yake ilikuwa na udongo magotini.

"Wewe ndiye wa kwa Mzee wa gazeti?"

"Naam."

"Mzee hatumi mtu bure." Alifuta uso kwa kiganja. "Basi soma. Nshamzika mama, hakuna litakaloniumiza zaidi leo. Soma."

Sauti yake haikuwa na kebehi. Alisimama akaningoja, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Saa zilikuwa zimebaki za kutosha kuwahi mtambo wa kuchapa.

"Amenituma kukupa pole," nilisema.

Aliniangalia kidogo, akaitikia pole, akanishukuru.

Nilimwambia Mzee kwamba palikuwa na msiba na mwenyewe sikumpata. Akasema, "Basi hatuchapi." Ijumaa tukatoka na habari ya bei ya karafuu. Jumamosi saini ikatiwa. Wiki iliyofuata mkuu yule alipita kwa Mzee kushukuru kwa rambirambi, Mzee akamsomea hapo hapo, na Ijumaa makala ikatoka. Watu waliipiga picha wakatumiana kwenye simu. Kule Kidichi ukuta wa mjenzi ulikuwa umeshafika kifuani.

Miezi miwili nilikaa na uongo wangu. Nilipanga jinsi ya kuusema, nikapanga upya, mwisho nikautoa vibaya, katikati ya mazungumzo ya wino.

"Mzee, siku ile nilimpata. Akaniambia nisome. Sikusoma."

"Najua. Aliniambia mwenyewe."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nikwambie nini? Ushamaliza kujila mwenyewe."

Nikamuuliza kama yeye angesoma.

"Ningesoma," alisema bila kufikiri. "Nshasoma msibani mimi. Nshasoma harusini, bwana harusi kakaa. Hayo mambo unayoambiwa yalitengenezeka, yalitengenezeka hivyo." Akaashiria dirishani. "Unaliona baraza hilo? Lilikuwa halina pa kukaa. Mmoja mmoja wakahama. Mtu gani atakaa kunywa kahawa na mimi, hajui mfukoni nna nini?"

Nilingoja aniambie nilifanya vyema, au vibaya. Yeye akaniomba nimsaidie kunyoosha mguu.

Jumapili moja nilikwenda Kidichi peke yangu. Watoto walikuwa wanacheza mpira njiani, wakisimamisha mchezo kila gari linapopita. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiwachunga aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia natoka gazetini.

"Aa, nyie," alisema. "Tuliisoma. Imeandikwa vizuri. Ingelikuwa Ijumaa moja nyuma tu."

Nikamwambia, "Ilikuwepo Ijumaa moja nyuma. Nilikuwa nayo mimi."

Hakunielewa, na gari lilikuwa linakuja. Alinigeuzia mgongo akawapungia watoto wakae pembeni.