Mama Anajiandaa Kwenda Uarabuni

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anapika katika hoteli moja huko Qatar. Hapa Rumonge nimechoka kulieleza hilo. Kwa watu wetu, nchi zote zenye mchanga na pesa zinaitwa Dubai, na ukibisha wanakutazama kama mwalimu mwenye kiburi. Mwalimu ni kweli, kiburi sijui. Siku hizi nimesalimu amri: mdogo wangu yuko Dubai, yaishe.

Aliposhika mimba, baada ya kungoja mpaka akaacha kabisa kuzungumzia watoto, alinipigia simu ya video akalia, akacheka, akalia tena. Mumewe, mtu wa Uvira anayeendesha gari hukohuko, alikuwa nyuma yake anafuta meza isiyo na uchafu wowote. Halafu mdogo wangu akasema lililokuwa moyoni: anataka Mama aende, mtoto azaliwe Mama akiwepo. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji, majirani huja na vikapu, nyumba haikauki watu. Kule, alisema, unajifungua, unarudi ghorofani, unafunga mlango.

"Dada, nitabaki humo ndani na mtoto, na hata kumshika sijui."

Nikamwambia aondoe wasiwasi, Mama ataenda. Mama mwenyewe nilikuwa sijamwuliza. Ndivyo nilivyo, naahidi kwanza, nauliza baadaye.

Mama hakukataa, na hilo ndilo lililonichanganya. Alikubali kupigwa picha ya pasipoti, ingawa alinung'unika alipoambiwa avue kitambaa cha kichwa. Alikubali sindano ya homa ya manjano. Tulikwenda Bujumbura kushughulikia karatasi, tukatoka alfajiri, na saa nane mchana alikuwa ameshaanza kunivuta mkono turudi. Nilimwambia tulale kwa binamu yetu, tumalize kesho yake. Ah wapi! Tukarudi, kesho yake tukaenda tena njia ileile. Nilinuna njia nzima na yeye akanunua ndizi mbivu kama vile hanioni.

Kisha akaanza kufunga mizigo. Mungu wangu, mizigo ile! Mdogo wangu alikuwa ametuma valizi zuri la magurudumu. Nilipolifungua nikakuta jembe lisilo na mpini limeviringishwa kwenye kitenge. Chini yake chumvi, viberiti, sufuria ndogo, na maharage ya mbegu ndani ya soksi.

"Mama, unakwenda kulima jangwani?"

"Cheka tu. Siku utakayofika mahali huna jembe, utanikumbuka."

"Kule kuna duka chini ya nyumba yao!"

"Na duka likifungwa?"

Nilitoa jembe, akalirudisha. Nikalitoa tena, akaniuliza mimi nimesafiri mara ngapi. Mama amesafiri kuliko sisi sote, ila kila safari yake alikuwa anakimbizwa. Kufunga mizigo kwa namna nyingine hajapata kufundishwa.

Jioni moja mdogo wangu akatuonyesha mji wao kwenye simu: majengo yanayong'aa, barabara pana, na mchanga hadi macho yanachoka. Mama aliinamia simu.

"Mashamba yako wapi?"

"Hawalimi, Mama. Vitu vingi vinatoka nje."

"Na maji?"

"Wanayatoa baharini, wanayaondoa chumvi kwa mashine."

Mama akashika shavu. "Masikini, watu wa watu! Wanakula vya kuletewa? Basi hiyo ni kambi." Aliwaonea huruma kweli, matajiri wale. Ukimbizini amekula chakula cha kuletewa muda mrefu, anajua siku lori lisipofika inakuwaje. Baada ya hapo akaongeza mfuko wa pili wa maharage.

Kwa hiyo mizigo ilikuwa tayari, pasipoti imetoka, viza imetoka. Kilichobaki ni siku. Na hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Mdogo wangu akiuliza akate tiketi ya lini, Mama ana jambo. Mara mawese bado hayajakamuliwa. Mara goti linauma. Mara asubiri kwanza mvua. Na tumbo la mdogo wangu halikuwa linasubiri mvua. Daktari alikuwa ameshamwambia apunguze kusimama jikoni. Kila akinipigia sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo. "Dada, anakuja au haji? Niambie tu nijue moja."

Nikawaka. Nilimkuta Mama anafagia kandokando ya ua, nikamwambia aseme tu kama hataki, asimtese mtoto wa watu. Aliendelea kufagia mpaka akafika mwisho wa ua.

"Nani atawasha moto?" akauliza.

Hapo lazima nieleze, maana asiyetoka huku hatamwelewa.

Mama aliondoka kwenye kiwanja hiki akiwa bibi harusi, hajamaliza hata mwaka katika nyumba ya matofali ambayo baba mkwe wake aliwajengea. Mauaji yalipoanza, yeye na Baba walivuka ziwa na nguo za mwilini. Mimi nilizaliwa Tanzania, na mdogo wangu pia, na Baba tulimzika hukohuko. Tuliporudi tulikuta pazia jipya dirishani na mwanamke wa umri wa Mama amesimama mlangoni, amemshika mtoto. Hakuwa mwizi. Yeye na mumewe walipewa shamba na wakubwa wa wakati ule, wakaambiwa halina mwenyewe. Mume akafa, yeye akabaki. Watu wa komine, yaani serikali ya hapa, wakaja na kamba zao, wakapima, wakagawa: yule mama akabaki na nyumba na nusu ya chini, sisi tukapewa nusu ya juu yenye michikichi. Katikati ukapandwa ua wa miti ya miyenzi kuwa mpaka. Tukajenga yetu.

Tangu siku hiyo Mama hajalala nje ya kiwanja. Harusi za Bujumbura, anatuma zawadi. Dada yake alipofariki Nyanza-Lac, alizika na kurudi siku ileile, macho yamevimba. Na kila jioni anawasha moto, hata kama chakula kilipikwa mchana, ili moshi uonekane. Huku kwetu nyumba isiyotoa moshi jioni watu huanza kuiulizia.

Nilimwambia nitahamia mimi, nitawasha mimi. "Wewe una kwako," akasema. "Utakuja leo, kesho mvua, keshokutwa mitihani." Hakunitukana. Ananijua tu.

Jumapili iliyofuata, kanisani, waliombea safari yake. Waumini wakamwagiza vitu vyao: simu, marashi, viatu. Muuza samaki mmoja Mkongomani akamfundisha jinsi ya kufunga ndagala ndani ya sashe mbili za nailoni ili ndege nzima isinuke. Mama aliitikia kila mtu, "Ndiyo, ndiyo," na mimi nilikaa pembeni nimekasirika, maana nilijua haendi.

Mchana ule yule mama wa chini akaja kwetu. Hakuwa amewahi kupita mlango wetu. Salamu zao zilikuwa za juu ya ua: amahoro, amahoro, kila mtu na jembe lake. Sasa alisimama uani ameshika kikapu.

"Nasikia mutoto wako wa Dubai iko na mimba."

"Iko nayo," Mama akasema.

"Nimemuletea samaki ya mukeke. Nimeukausha mwenyewe, hauna muchanga."

"Murakoze," Mama akashukuru.

Nikamletea kiti. Akakaa kwenye ukingo wake, kama mtu aliyeambiwa asikae sana. Akauliza Mama ataondoka lini. Mama akasema hajui. Akauliza kwa nini.

"Wewe unajua kwa nini," Mama akasema.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Lakini yule mama alicheka, kicheko cha uchovu, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Na mimi mutoto wangu iko Kabezi," akasema. "Amezaa mara tatu, sijaenda kumulisha hata mara moja. Kabezi, si Dubai! Wananiletea watoto hapa mugongoni, kama vile mimi ni mugonjwa. Naogopa. Nasema nikienda, nikirudi nitakuta umeingia mu nyumba. Si ni yako?"

"Mimi?" Mama akasema.

"Wewe. Kila asubuhi nakuona unafagia pale kwa ua, nasema, leo anausogeza."

Mama alimtazama yule mwanamke kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili. Nilimwonea huruma Mama, na nikamwonea huruma yule mwingine. Nilijionea huruma mwenyewe pia, kwa vile nimekaa kati yao miaka hii yote nikidhani mlinzi ni mmoja.

"Nenda Kabezi," Mama akasema mwishowe. "Nitakuwashia moto."

Yule mama aliinuka. Aliaga, akashuka. Ningekuwa yeye ningeaga pia. Kumkabidhi ufunguo mtu unayemwogopa kuliko wote, jamani, nani anaweza?

Lakini siku chache baadaye alirudi asubuhi, amevaa kitenge cha safari, mkononi ana ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kanga. Alimpa Mama bila kumtazama usoni, akaenda barabarani kutafuta gari la kuelekea Kabezi.

Jioni Mama alichukua kiberiti, akateremka. Nilimfuata, sikutaka aende peke yake. Kwenye mlango ule alisimama muda, mkono juu ya tofali, nami nikaangalia pembeni. Kisha akafungua. Alipita chumba cha mbele, akagusa ukuta wa chumba cha kulala, akasema kitanda kilikuwa upande ule, si huu. Hakugusa kitu cha mtu. Akatoka nyuma jikoni, akapanga kuni, akawasha, akakaa kwenye kigoda cha mwenyewe mpaka zikashika vizuri.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi wala hakuyafuta.

"Kanyumba kadogo," akasema. "Kule Tanzania, nilipokuwa nikiikumbuka, ilikuwa nyumba kubwa."

Alifanya hivyo kila jioni. Yule mama aliporudi aliikagua nyumba, akapima kwa macho mpaka ua wa miyenzi, na simlaumu hata kidogo. Kisha akapanda kwetu. Safari hii alikaa kwenye kiti chote. Akamsimulia Mama wajukuu wake, yupi mtundu, yupi ana meno ya babu yake, akachekea hadithi zake mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Sasa wewe. Mimi niko hapa, nitawasha."

Mama alimsindikiza mpaka njiani. Akarudi, akaniambia nipige simu.

Mdogo wangu alionekana kwenye kioo, uso umevimba, amejilaza. Mama hakumsalimia hata. "Nunua tiketi ya kuja. Halafu, mwanangu, ukipata nafasi, nunua na ya kurudi. Hata kama ni baadaye, usiisahau."

"Mama, zinauzwa pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Pamoja. Nachagua siku ya kuja na siku ya kurudi, sasa hivi, kabla hujatoka nyumbani. Unataka kurudi lini?"

Mama aliacha kutazama simu, akanitazama mimi, kama vile mtoto wake amemdanganya na mimi ndiye hakimu.

"Yaani mtu anatoka kwake ameshaijua siku atakayorudi?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Akakaa chini palepale mlangoni, akaniambia nimwambie tena.